Sponji Chini ya Nyuzi za Limbu

Nyie mnaniboa. Mtu akitupia muziki wa zamani mtandaoni, mnajazana kwenye komenti: solo tamu, sauti ya huyo dada, tarumbeta hatari. Aliyeshika besi hakuna hata mmoja anayemuulizia. Basi leo namleta Limbu.

Limbu alikuwa kijana wa Kisukuma. Baba yake, Nkuba, alikuwa amehamishia ng'ombe zake bonde la Usangu. Mwaka 1975 Limbu alikuwa anapiga besi kwenye bendi ya baa moja Mwanjelwa, Mbeya. Baridi ya Juni ikampasua vidole mpaka damu, akaacha kuchuna nyuzi kwa vidole. Akachonga kipande cha pembe ya ng'ombe, kidogo kama kucha ya dole gumba, akawa anapigia hicho. Ndiyo ikawa piki yake.

Besi ikapata meno. Ikapata na kelele. Zamani, akichuna kwa kidole kimoja, vingine vilikuwa vinalalia nyuzi za jirani zinyamaze. Sasa vidole vimebana piki, nyuzi hazina mlezi. Anapiga moja, tatu zinanguruma.

"Msukuma, besi yako inakoroma," alisema Sedekia, mpiga solo na kiongozi wa bendi.

"Inakoroma kwa kufuata mdundo, kaka."

"Basi ikakorome kwenu. Mwezi ujao gari la kurekodi la redio linakuja Iringa. Fundi wao akisikia huo mngurumo, anakuzima. Tunarekodi bila wewe."

Limbu hakucheka. Siku alipoacha ng'ombe akafuata gitaa, Nkuba alimwambia, "Nitaamini una kazi siku nikikusikia redioni. Wewe, siyo kundi." Na sasa mzee kifua kilikuwa kimeisha, anakohoa hadi anashika ukuta.

Kila mchana, baa ikiwa tupu, Limbu alikaa na gitaa. Ubavu wa kiganja cha kulia akaulaza kwenye nyuzi nene wakati anapiga nyembamba. Akipiga nene, vidole vya kushoto anavilaza juu ya nyembamba, bila kubonyeza. Akimaliza noti hang'oi kidole, anakilegeza tu, kibaki kimegusa uzi. Mkono ukavimba. Bado uzi mnene kuliko wote ulikuwa unanguruma kila akihamisha mkono.

Ndipo akakumbuka kengele. Alfajiri, wakipitisha ng'ombe karibu na mashamba ya watu, Nkuba alikuwa anajaza nyasi kwenye kengele shingoni mwao. "Kengele isiyozibwa mdomo inakupeleka barazani kushtakiwa," alikuwa anasema. Limbu akakata sponji ya godoro, akaichomeka chini ya nyuzi, pale mwisho zinapofungiwa. Nyuzi zikafa kabisa. Akapunguza sponji. Akapunguza tena. Mngurumo ukaisha, mdundo ukabaki.

Iringa walirekodi kwenye ukumbi mmoja Kihesa. Fundi akavua hedifoni. "Besi nani?"

Limbu akanyoosha mkono.

"Safi. Haina takataka."

Wimbo ulipangiwa Jumapili, saa kumi alasiri. Limbu akaenda Usangu. Mama yake, Mbuke, akaweka redio ndogo ya betri nne kwenye kigoda, karibu na kitanda cha mzee. Limbu akamsimulia baba yake habari ya sponji, akasema wazo lilitoka kwenye kengele zake. Mzee akatabasamu. Wimbo ukaanza.

"Anayelialia ni nani?"

"Sedekia. Solo."

"Anayegonga?"

"Mpiga ngoma."

"Wewe?"

"Mimi niko chini, baba."

"Chini wapi?"

Mzee akabandika sikio kwenye redio. Kile kispika, ukubwa wa mdomo wa kikombe, kilikuwa hakina uwezo wa kutoa sauti nzito. Labda ule mngurumo, ule mkwaruzo wa nyuzi, ungepenya. Ndio huo Limbu aliokuwa ameuua kwa mwezi mzima. Akaanza kugonga mdundo wake kwenye kigoda.

"Hapo unagonga kigoda," Nkuba alisema. "Kwenye redio haumo."

Wimbo ukaisha.

"Ng'wanone," mzee akasema. Yaani mwanangu, kwa Kisukuma. "Umeziba kengele, halafu unataka nikusikie?" Akageukia ukutani.

Alifariki Agosti. Wimbo hawakuurudia, na Limbu hakuwahi kuambiwa kwamba ana kazi.

Jumamosi moja baada ya msiba, Mwanjelwa, Limbu alichomoa sponji, akaachia kiganja, nyuzi zote nne zikanguruma. Sedekia akasimamisha wimbo katikati.

"Rudisha."

Akarudisha. Akapiga nayo miaka yake yote iliyobaki, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ukikutana na wimbo wa miaka ile, usiusikilizie kwenye spika ya simu. Azima spika kubwa kwa jirani, nyamaza, msikilize mtu wa chini mpaka umpate. Ukimpata, ulizia jina lake.