Mguu wa Kushoto

Mwezi uliopita viatu vilinikataa. Nilikuwa nimerudi Kakamega kwa basi, miguu imejaa maji, na binti mmoja wa kliniki pale Shirere akanilaza akaanza kunichua kutoka vidoleni kwenda juu. "Tunapandisha tu, mama, hatushukishi," akasema. Mwenzangu, nywele zilinisisimka. Maneno hayo niliyasikia utotoni, mwaka ule bendera mpya ilipopandishwa.

Mama alikuwa na mimba pevu. Wenzake wote walikwenda mjini kucheza ngoma za uhuru; yeye alibaki mkekani, miguu imevimba hata inang'aa. Nilimsikia nyanya akinong'ona kwamba maji yale yakifika usoni, tutampoteza yeye na mtoto. Tangu hapo niliacha kula obusuma, ugali wetu.

Akaitwa jirani yetu, bibi kizee aliyekuwa akichua watu. Kidole gumba chake kiliwahi kuvunjika kikaunga vibaya, kwa hiyo kila alipobonyeza aliacha kishimo kilichopinda. Mimi nilipasha samli moto kwenye kigae, nyumba nzima ikanukia. Mguu wa kulia ulinywea jioni hiyohiyo. Alipofikia wa kushoto, akafuta mikono.

"Huu ni kesho, mwanangu," akamwambia Mama. "Maji yanapandishwanga tu, polepole, hayashukishwi. Na mimi nikianza mtu, ninamalizanga."

Hakumaliza. Asubuhi vilio vilitoka kwake. Alikuwa amefia usingizini. Siku tuliyomzika, kope za Mama zilikuwa zimeanza kujaa yale maji, na nyanya hakuthubutu kumtazama usoni.

Kesho yake nilipoamka nilimkuta Mama amesimama uani, anapepeta maharagwe. Uso ulikuwa wake tena. Mguu wa kushoto ulikuwa umenywea, unanukia samli, na juu ya muundi vishimo vimefuatana kwenda juu, vyote vimepinda. Mama alisema alilala fofofo. Nyanya aliviangalia vile vishimo, akachukua kibuyu cha samli, akaenda kukimimina chote kaburini. Mdogo wangu alizaliwa salama, akapewa jina la jirani.

Leo pale kwake ni miwa mitupu, na kaburi sikuliona.

Usinicheke. Kule kliniki nilimwomba yule binti aishie mguu wa kulia. Alishangaa, lakini akakubali. Nikaenda kulala katika nyumba yetu ya zamani, nikaweka kisahani cha samli ya moto kando ya kitanda, na mlango sikuutia komeo. Niliogopa sana, ila nilitamani zaidi ya nilivyoogopa.

Asubuhi mguu wa kushoto ulikuwa umevimba vilevile. Samli ilikuwa imeganda, haijaguswa. Nililia, mwenzangu, maana ndipo nilipojua kwamba yule bibi amekufa kweli.