Nilivyokuwa Weita Kwenye Meli ya Kapsoya

Niliajiriwa Jumatatu asubuhi nikiwa bado na povu la dawa ya meno mdomoni. Nyinyi mnaosoma haya huenda mnadhani uweita ni kubeba sahani tu. Mimi niliyestaafu, na miaka yangu kumi na sita, nitawaeleza jinsi kazi ilivyofanywa enzi zetu, yaani wiki jana, shule zikiwa zimefungwa.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa babu yangu. Kabla ya kurudi kukaa nasi hapa Kapsoya, mtaa wa Eldoret, Babu alikaa baharini miaka ishirini na sita, kwenye zile meli kubwa za watalii, akianza na kuosha glasi mpaka akawa hedi weita wa ukumbi wa chakula. Nyumbani alikuja miezi miwili tu kwa mwaka. Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikuwa ameahidiwa jambo moja tangu zamani: siku moja atapandishwa meli, asherehekee bethidei yake kule ndani kama mgeni. Meli hiyo haikuwahi kufika Eldoret, na si kosa la meli. Kwa hivyo Kukhu alipokaribia kutimiza miaka sabini, Babu aliamua kuileta meli sebuleni.

"Kazini usiniite Babu," aliniambia siku hiyo ya kwanza. "Niite Hedi Weita."

"Na mimi unaniita nani?"

"Wewe nakuita umechelewa."

Tulianza na vitambaa vya mezani. Melini, kitambaa cha kila mgeni hukunjwa kikasimama kwenye sahani kama bata mwenye shingo ndefu. Bata wa Babu walikuwa wanakaribia kuogelea. Wangu alikuwa kama kuku aliyegongwa na boda. Jumanne nilifundishwa stesheni, ambayo ni zile meza ulizopewa uziangalie. Usitupe macho kwenye stesheni ya mwenzako. Yangu ilikuwa meza moja, na ndiyo tuliyokuwa nayo. Chakula huletwa kutoka kushoto kwa mgeni, sahani huondolewa kutoka kulia. Makombo hayapulizwi. Niliuliza kwa nini, kwa sababu nilikuwa nimeshapuliza.

Lakini sheria iliyokuwa juu ya zote ilikuwa hii: mgeni haambiwi hapana.

"Hata akiitisha kitu hakipo?"

"Unamwambia, 'Wacha nione, Madam.' Halafu unaingia jikoni unalilia huko. Ukitoka, umepata."

Jumatano tukapanga meza. Babu aliisukuma hadi dirishani, ili wageni waone bahari, maana yake mahindi ya jirani, ambayo kusema kweli upepo ukivuma hufanya mawimbi. Aliweka nafasi tatu: ya Kukhu, ya Mama yangu, na ya Mama Naliaka, jirani ambaye hajawahi kukosa sherehe ya mtu yeyote.

"Na wewe utaketi wapi?" nikauliza.

"Wafanyakazi hawaketi ukumbini."

Nilicheka, nikidhani ni mchezo. Nilipoingia jikoni nikamkuta Kukhu akichambua mboga, na yeye hakucheka.

"Nekesa, umewahi kuona babu yako akikula?"

Nikafikiria. Nilikuwa nimemwona akitupakulia. Nilikuwa nimemwona akiuliza kama chumvi imetosha. Kukula, alikula baadaye, peke yake, amesimama pale kwa sinki, sahani kifuani, haraka haraka kama mtu atakayeitwa.

"Miaka yote hiyo alinitumia picha za keki za watu," Kukhu akasema. "Nikangoja. Akarudi. Mpaka leo hatujawahi kula pamoja, mimi na yeye. Sasa nitapuliza mshumaa nikiangalia Mama Naliaka?"

Nikavuta kigoda, nikamsaidia kuchambua.

Alhamisi niliongeza nafasi ya nne mezani, na bata wake. Hedi Weita akasimama mbele yake kama mwalimu wa zamu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya kapteni."

"Kapteni hali na sitingi ya kwanza." Akaiondoa. Sitingi ni zamu ya kula, na yetu ilikuwa saa saba mchana.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Babu alivaa koti jeupe lililokuwa sandukuni miaka mingi. Lilimtosha kila mahali isipokuwa tumboni. Kukhu aliingia na gauni lake la kanisani, Babu akamvutia kiti, akamtandikia kitambaa magotini bila kumgusa. "Karibu ndani, Madam." Kukhu akaangalia mahindi. Mvua ilikuwa inaanza.

Supu ya malenge ilienda vizuri. Kisha Mama Naliaka akainua bakuli.

"Weita, hii supu imenipata vibaya kwa utamu. Ongeza."

"Imeisha," nikasema.

Nilivutwa jikoni kwa mkono. "Mgeni haambiwi nini?" Babu alinong'ona, lakini mnong'ono wa mtu aliyezoea ukumbi wa watu elfu unasikika mpaka Langas, ng'ambo ya mji.

"Hapana."

"Basi!" Akachukua bakuli lake mwenyewe, lile lililokuwa likimngoja kwa sinki, akamimina, akampelekea kutoka kushoto. Pazia la jikoni lilikuwa wazi. Nilimwona Kukhu akitazama.

Baada ya kuku na ugali, wakati wa keki ukafika. Melini huzimwa taa, maweita wote hupanga mstari, huzungusha vitambaa hewani na kumwimbia mgeni. Sisi tulikuwa mstari wa watu wawili. Babu akanyoosha mkono kuzima taa na stima ikapotea yenyewe.

"Hata hiyo mmepanga?" akauliza Mama Naliaka.

Tuliimba. Babu alikuwa amewaimbia watu asiowajua wimbo huo mara nyingi kuliko yeyote ninayemjua, lakini alipofika kwa jina, jina lilimkwama, nikalimalizia mimi.

Kukhu hakupuliza mshumaa. Nta ikaanza kushuka kwa keki.

Babu akainama. "Kuna shida, Madam?"

"Nataka kuagiza kitu hakiko kwa menyu."

"Agiza tu, Madam."

"Nataka wewe ukae hapa."

Mvua ilipiga mabati. Babu akafungua mdomo. "Wacha nione, M..." Akageuka akaangalia jikoni, mahali pa kulilia.

"Mgeni haambiwi nini, Hedi Weita?" nikauliza, nikiwa tayari nimebeba kile kiti cha nne.

Aliketi ukingoni, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeitwa kwa ofisi ya prinsipo shuleni. Hakujua mikono iende wapi. Mmoja ukatambaa ukaanza kukusanya makombo. Kukhu akaufunika na wake.

"Hiyo ni kazi ya weita," akasema. Kisha wakapuliza mshumaa wote wawili, na Mama akajifanya anatafuta kitu kwa kibeti.

Mimi nilikula kwa sinki, nimesimama, kuku amepoa. Pale pazia linapoachana unaona nyuso zote mezani, na wao hawakuoni. Nikaelewa kidogo kwa nini mtu anaweza kupapenda hapo maisha yake yote. Lakini nikamsikia pia Babu akicheka na keki mdomoni, sauti ambayo sikuwa naijua.

Nilistaafu saa tisa na nusu, baada ya kuvunja sosa moja ya chai. Sijuti, ila ile sosa.

Jana tukila chakula cha mchana Babu aliinuka kutafuta chumvi. Kukhu alimwangalia tu. Babu akaketi. Chumvi nikaleta mimi, ingawa nimestaafu, kutoka kushoto.