Nilivyofundishwa Kipolandi Muheza na muuguzi wa shamba la mkonge

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nimesoma nyuzi zenu za kujifunza Kichina kwa simu, nikaona na mimi mzee mwenzenu niseme yangu. Yalinipata mwenyewe, chumvi sijatia.

Miaka ya hamsini inaelekea ukingoni, mimi kijana wa Makorora, Tanga mjini, nikapata nafasi ya kwenda kusoma ufundi wa mitambo Poland. Ilipatikana kwa mlango wa nyuma, maana mkoloni hakupenda tusome nchi zile za kikomunisti.

Sharti lilikuwa moja. Nikifika napimwa Kipolandi cha kuanzia, nikishindwa narudishwa nyumbani. Na baba alishautangazia ukoo mzima.

Nikaelekezwa kwa Bi Zofia, muuguzi wa zahanati ya shamba la mkonge karibu na Muheza. Alikuja Tanganyika na wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita. Wenzake walipoondoka, yeye akabaki. Kiswahili chake cha Tanga kabisa.

Kila Jumamosi nikawa napanda basi kwenda kwake.

Siku ya kwanza akasema, "Fungua daftari." Mimi nikaona aibu kuanza masomo na mtu mzima bila kumjulia hali. Nikamwamkia, kisha nikamwomba anifundishe kuuliza habari za nyumbani na za watoto kwa Kipolandi.

Akaniandikia.

Basi ikawa kila nikiingia nauliza kwa mbwembwe. Naye hujibu maneno yale yale: "Domu nie ma, dzieci nie ma." Nikajua ndiyo "wazima wote" hiyo. Natikisa kichwa, natabasamu. Hapa ruksa kunicheka.

Wiki ya saba tukala machungwa. Yalipoisha akainua sahani tupu: "Nie ma." Yaani hakuna. Nikaandika bila kuwaza lolote.

Kwenye basi la kurudi nikapitia daftari, ndipo nikaelewa. Nyumba hakuna. Watoto hakuna.

Wakuu, nililia mbele ya abiria.

Jumamosi iliyofuata nikasema shikamoo tu, nikafungua daftari. Akalifunga.

"Hujanijulia hali. Hatuanzi."

"Nisamehe, Bi Zofia, sikuwa najua. Mbona hukunikanya?"

"Hapa watu huniuliza dawa, mwanangu. Watoto wangu unawauliza wewe peke yako. Uliza."

Nikauliza. Safari hii akajibu kirefu, polepole, kwa Kipolandi, na karibu yote nikayaelewa. Marek alikuwa na miaka sita, Hania minne. Waliugua njiani wakati wa kukimbia vita. Marek alikuwa anaogopa mbwa.

Kuondoka nikamuaga kama tunavyomuaga mama yeyote kwetu, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Kwaheri, Mama Marek."

Akaushika mlango.

"Sema tena," akaniambia. Nikasema.

Mtihani nilipita. Aliyenipima akauliza nani kanifundisha, nikamjibu ni Mama Marek wa Muheza, naye akaandika hivyo hivyo kwenye fomu.

Ufundi wangu wote, na mshahara niliolelea wanangu, vilianzia mezani kwa mama yule. Namshukuru mpaka leo. Nilichojifunza ni hiki: usiache kumuuliza mtu habari za watu wake kwa kuogopa jibu.

Na wewe, mwalimu aliyekuvusha anaitwa nani? Liandike jina lake hapa chini, tulisome wote.