Mama Brashi akataa kupaka rangi kutu

Saa moja asubuhi, chai yake ikipoa juu ya kamba zilizoviringishwa, Mama Brashi amepiga magoti nyuma ya bomba la moshi la meli kuukuu ya mizigo. Ana tindo mkono mmoja na brashi ya waya mkono wa pili, na vumbi la kutu limemkaa usoni kama poda. Anakwangua bawaba ya kifuniko cha tundu la hewa. Anakifunga, anakifungua, anakifunga tena.

"Hiki kinaitika," anasema. "Twende kwa mwenzake."

Matundu haya hupeleka hewa chumba cha injini. Moto ukizuka kule chini, mabaharia huvikimbilia vifuniko na kuvifunga ili moto ukose pumzi. Ndiyo maana sheria za kimataifa za usalama wa meli zinataka vifungike wakati wowote. Na mkaguzi wa bandari ya ugenini ana ruhusa ya kupanda melini na kusema: hebu funga nione.

Hapo ndipo mama huyu, baharia wa deki kwa miaka kumi na minne, alipoumbuka.

Mwaka jana, gatini hapahapa, walisikia mkaguzi anakuja. Wakafanya kile mabaharia wengi hufanya wakisikia ugeni: wakapaka rangi. Yeye alikabidhiwa vifuniko. Akavipaka vikang'aa, bawaba na vyote, rangi juu ya rangi. Mkaguzi alipofika akavisifu, kisha akaomba kimoja kifungwe.

"Nilivuta. Nikaning'inia. Wenzangu wakaja, tukavuta kama tunang'oa mti. Wapi! Rangi ilikuwa imekigandisha," anasimulia, akicheka huku amejifunika uso. "Nilitamani deki ipasuke inimeze."

Meli ilizuiwa kuondoka hadi bawaba zote zikwanguliwe. Jina la Mama Brashi alipewa wiki hiyo, na mpaka leo halijambanduka.

Leo mkaguzi yuleyule anarudi. Meli ikizuiwa tena, itapigwa marufuku bandari zote za ukanda huu, na mabaharia watatawanyika kila mtu na njia yake. Kwa Mama Brashi kuna zaidi. Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa deki, anastaafu mwisho wa mwezi. Nahodha hakumficha: vifuniko ni vyako, vikipita salama, na cheo ni chako.

Anafika kwenye kifuniko cha mwisho. Anagonga kwa tindo, na tindo inazama. Loo! Chini ya rangi, chuma kimeoza hadi kidole kinapita.

Anaitwa msaidizi wa nahodha, ambaye melini humwita chifu. Anachuchumaa, anatazama, jasho linamtoka. Si mtu mbaya. Ana hofu tu, kama wenzake wote.

"Dada yangu, ziba na kitambaa, piga rangi juu, yaishe. Mgeni yuko getini."

"Rangi tena, chifu? Si ndiyo iliyoniaibisha?"

"Ukimwonyesha hilo, umetumaliza sote."

Mama Brashi anaweka tindo chini. Chini ya magoti yake sakafu inatetemeka kwa injini, na huko chini yuko mdogo wake wa tumbo moja, anayetia mafuta mitambo.

"Nilimkumbuka," anasema baadaye. "Moto ukiwaka, hewa inapita kwenye hilo tundu langu nililolipamba. Nikasema, hapana. Heri nikose cheo."

Mkaguzi anapanda ngazi, mzee mfupi mwenye ovaroli safi na tochi kifuani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si yule wa rangi?"

"Ndiye mimi. Leo sijapaka kitu. Na kabla hujaanza, njoo nikuonyeshe kibovu."

Msaidizi wa nahodha anageukia baharini. Mzee anaingiza kidole tunduni, kisha anakitoa. Anataka vingine vifungwe. Mama Brashi anavuta mipini, na kila kifuniko kinajibu: pa!

"Ningelikuta tundu hili chini ya rangi, meli hii isingetoka," mkaguzi anasema hatimaye. "Mngekuwa mmeficha, na anayeficha kimoja nitamwaminije kwa kingine? Lakini mmesema wenyewe. Chomeleeni, nirudi nione, muende zenu."

Msaidizi wa nahodha anashusha pumzi ndefu, kisha anakwenda mbio mwenyewe kumtafuta fundi wa kuchomelea.

Alasiri mkaguzi amerudi, kiraka bado kina joto, watu wamekizunguka. Nahodha anasafisha koo.

"Serahangi, mfungie mkaguzi aone."

Mama Brashi anasogea pembeni kumpisha serahangi. Mzee huyo yuko nyuma yake, mikono mfukoni, anacheka.

"Unampisha nani? Wewe ndiye unayeitwa, binti."

Mama Brashi anashika mpini, machozi yanamtoka hadharani wala hayafuti. Kifuniko kinafunga.

Ana mipango tayari. Brashi zote ataziweka stoo, ufunguo atakaa nao mwenyewe. "Anayetaka kupaka kitu, anionyeshe kwanza kwamba kinafanya kazi."

Mdogo wake, aliyepanda kushuhudia, anampigia saluti ya utani: "Dada mkubwa, sasa utatukomesha!" Kisha anarudi zamuni, anashuka ngazi za chumba cha injini akipiga mluzi. Mama Brashi anamfuata kwa macho mpaka kichwa kinazama.

"Cheo nimefurahi, sikatai," anasema. "Lakini ninachotaka hasa ni huyo. Akishuka kule, apande tena."