Yah: Kuomba Kuonana Nawe

Baba aliandika barua yake kwa meneja mpya kwenye karatasi ya fulskepu, juu ya meza ya chakula ambayo mama aliifuta kwanza ili karatasi isishike mafuta. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipomaliza alinipa niisome, kwa sababu mimi ndiye niliyetoka chuo kikuu, na kwa sababu nilikuwa nyumbani sina kazi.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoacha kuwapangia wahitimu kazi. Soko huria, tuliambiwa, kila mtu ajitafutie. Kiwanda cha kuchambua pamba alichofanyia kazi baba, nje kidogo ya Igoma, kilikuwa mali ya ushirika tangu sijazaliwa. Sasa kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alitaka nyumba zake za kota. Baba alikuwa karani wa mizani. Alipunguzwa pamoja na wenzake wengi, kisha tukaletewa notisi ya kuhama kufikia mwisho wa mwezi uliofuata. La kazi alilikubali kimya kimya. La nyumba lilimshinda, kwa sababu ya mama.

Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilimvimba, na akipanda ngazi tatu za mlangoni petu ilibidi asimame apumue. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, alikwenda kliniki katika hospitali kubwa mjini, na daktari alishamwonya asikose hata mara moja. Kwetu ni Ukerewe. Bila mshahara wa baba hatukuweza kupanga hata chumba mjini, kwa hiyo kutoka kota kulikuwa na maana ya kurudi kisiwani, na mama kuvuka ziwa kila anapotakiwa kliniki. Baba alitaka tuachiwe nyumba mpaka mwisho wa mwaka tu, daktari aone kwanza dawa zimemkubali vipi.

Hayo yote hayakuwamo kwenye barua.

Ilianza, "Yah: Kuomba kuonana nawe." Ikafuata "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kisha baba akamshukuru Mungu kwa kumfikisha meneja salama kutoka Dar es Salaam, akaeleza miaka aliyosimama mizanini, akawataja mameneja waliopita kwa vyeo vyao, na mwisho kabisa: "Kwa heshima na taadhima naomba nafasi ya kufika mbele yako kwa jambo linalonihusu mimi na familia yangu."

"Baba, hujasema unataka nini."

"Nitasema nikifika."

"Sasa yeye atajuaje kama jambo lenyewe ni zito?"

"Atajua nikifika, mama." Aliniita mama tangu utoto, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Chuoni nilisoma mawasiliano ya biashara. Mwalimu wetu aliichukia ile "husika na kichwa cha habari" kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai. Meneja wa kisasa hana muda, alitufundisha. Mwambie unachotaka katika sentensi ya kwanza, mpe sababu, mshukuru, ondoka. Niliyashika maneno hayo kama dini. Nilikuwa nimeshatuma barua za kuomba kazi zaidi ya thelathini na hakuna hata moja iliyojibiwa, na jioni nilikuwa nazitoa nakala zake nikitafuta kosa, kwa sababu kama kosa halikuwa kwenye barua, basi lilikuwa kwangu. Barua ya baba ilikuwa nafasi ya kujua.

Nikachukua kalamu nyekundu. Nilikata salamu, nikakata mameneja waliopita, nikakata safari ya Dar es Salaam. Kisha nikaandika upya mara kumi na moja. Nikiweka "tafadhali" niliona tunajidhalilisha, nikiitoa niliona tuna kiburi, nikiisogeza mwisho ikawa kama tumeikumbuka njiani. Mwishowe ilibaki mistari minane. Sentensi ya kwanza ilisema, "Naomba kuendelea kuishi katika nyumba ya kota hadi tarehe 31 Desemba." Sababu ya ugonjwa ilikuwa mstari wa tatu.

Niliipeleka Mirongo kwa dada mmoja aliyekuwa na taipureta barazani, ambaye kwa miaka mingi aliwachapia watu wa kiwandani barua zao.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Lete." Aliisoma, akaigeuza nyuma. "Nyingine iko wapi?"

"Ni hiyo tu."

"Hii? Mdogo wangu, barua imekuja uchi, haina hata kanga!" Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka.

"Ndio mtindo wa kisasa."

"Naona. Na mumeo utampa ugali mkavu, umwambie mboga ni mambo ya zamani." Wakacheka tena, mmoja akapiga paja. Kisha akashusha sauti. "Lakini hapa mzee hajaomba kumwona."

"Kila kitu kimo. Hana haja ya kumwita."

"Ndicho ninachosema," alijibu, akaingiza karatasi kwenye mashine.

Nilifikiri anasikitikia malipo ya kurasa mbili zilizompotea.

Nyumbani baba aliisoma akiwa amesimama. "Fupi," akasema.

"Ndiyo, baba."

Alinitazama, akamtazama mama aliyekuwa amelala kwenye mkeka, miguu juu ya mto. "Mwachie," mama alisema. "Si ndiye aliyesomea?" Baba akaketi, akatia sahihi yake ndefu, ambayo ilichukua nafasi karibu sawa na barua yenyewe.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili. Nilikuwa sijawahi kuona ofisi ikijibu upesi hivyo, na kabla bahasha haijafunguliwa nilikuwa nimeshafurahi. "Asante kwa barua yako. Hatuwezi kukubali ombi lako, kwa kuwa utaratibu wa nyumba ni mmoja kwa wote. Tafadhali kabidhi ufunguo kwa mlinzi siku ya kuhama. Tunamtakia mke wako nafuu." Hapakuwa na neno la ziada. Mwalimu wangu angeipa alama zote.

Baba aliisoma mara mbili. "Anaandika vizuri," akasema. "Kama wewe." Hakuwa na kejeli. Baba hakuijua kejeli.

"Nenda ukamwone, baba."

"Nikamwambie nini? Nimemwambia yote, ameyajibu yote."

"Mweleze hali ya mama."

"Imo, mama. Mstari wa tatu." Alikuwa ameihesabu. "Mtu ameshanijibu kwa maandishi, nikimfuata mezani ni kama namwambia hakujua alichokiandika."

Nyumba yetu na ya fundi wa mashine ziligusana ukuta. Naye alipata notisi kama sisi, naye alikuwa ameandika, kwa mkono wake, kurasa mbili, kuomba kuonana. Wiki ileile aliitwa. Alirudi anacheka, akasimulia akiwa uani kwake, na sisi tukimsikia wote watatu.

"Hakujua nimekuja kwa lipi! Ananiuliza, mzee, kuna nini? Nikamwambia, bwana mkubwa, naomba nikae kwanza. Akavuta kiti mwenyewe!"

Aliachiwa nyumba mpaka msimu wa pamba upite.

Huenda ni kwa sababu mashine zilimhitaji, na mizani ilishapata karani mwingine. Huenda meneja alikuwa na hali nzuri siku hiyo. Huenda hata baba angekaa kwenye kiti hichohicho na kukataliwa. Nimeyapanga hayo na kuyapangua mpaka nimechoka, na kila mara nafika palepale: yule fundi alimwona, baba hakumwona. Baba hakunilaumu hata siku moja. Ningeshukuru kama angenilaumu.

Tulihama. Mimi nikabaki mjini, kwa rafiki yangu aliyeishi Kiseke, nikiendelea kutafuta kazi, wao wakavuka. Mara mbili za kwanza mama alikuja kliniki, na nilimpokea bandarini akiwa kijivu usoni, kadi yake ndani ya mfuko wa nailoni, kifuani. Mara ya tatu kulikuwa na upepo, hakusafiri. Mara ya nne alisema anajisikia nafuu, apumzike kidogo. Alifariki masika yalipoanza, asubuhi, akiwa anachagua mchele.

Matanga yalipoisha nilimuuliza baba angemwambia nini meneja. Tulikuwa nyuma ya nyumba, anasuka kamba.

"Ningemsalimu," akasema. "Ningemuuliza habari za safari, na watoto, kama anao. Ningemwambia ile mizani ya pili inadanganya wakati wa mvua, aiangalie. Halafu ningenyamaza. Angeniuliza, mzee, umekuja kwa lipi? Ndipo ningemwambia mke wangu anaumwa."

"Na nyumba?"

"Nyumba ningengoja aitaje yeye."

Akaendelea kusuka. Baadaye akanipa ule mfuko wa nailoni, akaniomba nikirudi mjini niirudishe kadi hospitali, maana ni mali yao. Nilikuwa ndani ya meli nilipoifungua. Katikati ya kadi kulikuwa na karatasi ya fulskepu iliyokunjwa mara nne. Sikujua kama ni baba aliyeiweka au mama. Wino wangu mwekundu ulikuwa bado unang'aa. Pembeni ya sentensi ya mwisho, ile ya kuomba kufika mbele ya meneja, nilikuwa nimeandika: "Haina kazi. Ondoa."

Kutoka bandarini nilikwenda hospitali kwa miguu, na njia nzima nilikuwa natengeneza sentensi. Mama amefariki, narudisha kadi yake, asanteni kwa huduma. Nilitoa "asanteni", nikairudisha. Nilipofika dirishani ilikuwa imekamilika.

Muuguzi aliinua macho. "Karibu, dada. Umekuja kwa lipi?"

Nilikuwa nimeishika kadi mkononi. Nikafungua mdomo.

"Naomba nikae kwanza," nikasema.

Akaondoa mafaili yaliyokuwa juu ya kiti.