Beti Niliyomjibu Mfugaji

Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri tunakutana katika darasa la shule moja hapa Kibiti, sisi tunaopenda mashairi. Hatuzidi kumi na watano. Yupo bibi mmoja wa kijiji cha Mkongo, mkulima wa mpunga, anayetunga huku akipalilia na kuhifadhi yote kichwani kwa kuwa hakupata kusoma. Yupo nesi anayefanya kazi hospitali ya Mchukwi, mzaliwa wa Mbeya, ambaye mashairi yake hayana vina wala hataki kuviweka. Yupo kijana wa bodaboda anayeyaita yake "mistari". Na mimi, mwalimu mstaafu, Mndengereko wa hapahapa, ndiye ninayewaelekeza wapya.

Huwaambia kwamba shairi la kimapokeo halina uchawi. Hesabu silabi nane, pumzika, hesabu nane nyingine. Silabi ya mwisho ya kila kipande ifanane na mwenzake wa mstari wa chini. Asiyeweza leo ataweza mwezi ujao. Nimelisema hilo mara nyingi mno, na nilidhani naliamini.

Tuna desturi yetu. Mgeni akisoma shairi lake la kwanza, mmoja wetu humjibu papo hapo kwa beti moja inayofuata vina vyake. Kujibiwa ni kukaribishwa. Mara nyingi kazi hiyo huachiwa mimi.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokatika, alikuja mfugaji mmoja, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake. Tulimjua kwa sura, maana huleta maziwa stendi kwa pikipiki. Alisimama mbele ya ubao akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Shairi lake lilikuwa la kuvusha ng'ombe mto umejaa. Beti ya pili ilikuwa na mistari hii:

*Ndama kabaki ng'amboni, mama yake kageuka,*
*Nami nimo kilindini, upande gani kufika?*

Bibi wa Mkongo alifumba macho. Na mimi, badala ya kufurahi, nilihisi kitu kama kijiwe kwenye kiatu. Wiki mbili kabla nilikuwa nimesoma shairi langu kuhusu mto huohuo, nililohangaika nalo mwezi mzima, na wenzangu wakaniambia, "Zuri, Mwalimu," kwa ile sauti ya kumridhisha mzee. Mimi nimezaliwa kando ya Rufiji. Huyu kaja juzi na ng'ombe, kaniletea mto wangu mkononi mwake. Nikajiambia kwamba hakuandika yeye. Nilijiambia hivyo kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu.

Zamu ya kujibu ikaja. Sikuhitaji hata dakika.

*Fimbo yako mkononi, kalamu lini washika?*
*Tuambie huyo nani, ng'ombe wako kaandika?*

Mistari miwili iliyofuata siiandiki hapa. Hii miwili ya juu nimeiandika kwa sababu bila yake msomaji hataelewa nilichofanya.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. "Mwalimu kaua!" alipiga kelele kijana wa bodaboda. Mfugaji alisubiri kicheko kiishe, akakunja karatasi yake mara nne, akasema, "Ahsanteni, wazee," akatoka. Hakurudi kwenye dawati lake kuchukua kofia.

"Leo umeteleza," bibi wa Mkongo aliniambia.

"Utani tu, bibi."

"Utani huanza kwa kujuana, mwanangu. Wewe hata jina lake hujamuuliza."

Nesi aliichukua ile kofia, akaipangusa vumbi, akaniwekea mezani.

Siku zote huwafundisha kwamba beti iliyosimama vizuri haihitaji karatasi, hujihifadhi yenyewe kichwani mwa watu. Yangu ilisimama vizuri. Mtu alikuwa ameirekodi kwa simu, akaituma kwenye kundi letu la wasapu, na kabla wiki haijaisha vijana wa bodaboda walikuwa wanaighani stendi kila pikipiki ya maziwa ikitokea. Niliwasikia kwa masikio yangu nikinunua sukari. Niliinama, nikajifanya nachagua nyanya.

Ilinichukua mwezi kumpelekea kofia yake. Nilimkuta bomani kwake, ng'ambo ya barabara ya Utete, akifunga zizi. Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili. Mkewe alileta maziwa. Nikaanza maneno yangu, "Ndugu yangu, siku ile mimi...", naye akainua mkono, akaingia ndani, akatoka na daftari.

Lilikuwa limejaa masomo yangu. Kumbe alikuwa kwenye kundi la wasapu zaidi ya mwaka, kimya, akisikiliza sauti nilizokuwa nawatumia wanafunzi, na kuandika kila kitu: silabi nane, pumzika, silabi nane. Mifano yangu ilikuwa humo kwa wino wa buluu. Pembeni aliandika, "Mwalimu anasema mtu asikate tamaa."

Nililishika lile daftari nikashindwa kulifungua ukurasa mwingine.

"Wewe uliuliza nani kaandika," alisema. "Basi ni wewe, kidogo." Hakutabasamu.

"Nisamehe. Njoo Jumamosi, nitaomba radhi mbele ya wote."

"Mbele ya wakubwa? Wakubwa wameshacheka, yameisha. Binti yangu yuko darasa la nne, Mwalimu. Wanamwimbia. Juzi kaniuliza, 'Baba, nani alikuandikia?' Mtoto wangu mwenyewe." Alilichukua daftari mikononi mwangu. "Kama unataka kuomba radhi, kaombe kule. Ukifanya, tutaona habari ya Jumamosi."

Nilimwomba ile karatasi yake, nikalihifadhi shairi lote kichwani, beti sita. Nilimwomba mwalimu mkuu wa shule ya binti anipe dakika tano mstarini Jumatatu asubuhi, akakubali. Nikasimama mbele ya watoto, nikawaambia kwamba mimi ndiye mtunzi wa ile beti ya ng'ombe, kwamba nilisema uongo juu ya mtu aliyenizidi, na kwamba sasa nitawasomea shairi lake alilolitunga mwenyewe. Nikalighani. Kwenye beti ya nne nilisahau mstari, nikarudia tangu mwanzo. Walisikiliza kwa adabu, mikono nyuma.

Binti nilimtambua kwa jinsi wenzake walivyokuwa wanamgeukia. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilipomaliza walipiga makofi, na wakati wakiingia madarasani nikasikia sauti ndogo mstari wa nyuma: "Fimbo yako mkononi..." Wenzake wakacheka, wakatawanyika. Binti aliongeza mwendo.

Mwalimu mkuu alinishika bega. "Wamekuelewa, mzee. Watoto ndivyo walivyo, watasahau."

Nilimwambia wasingesahau, maana beti ile niliitunga ikae. Nikamwomba Jumatatu nyingine, na inayofuata, mpaka watoto walijue shairi la mfugaji kama wanavyoijua beti yangu. Alitazama ratiba yake iliyobandikwa ukutani, akasema nije saa moja na nusu, nisichelewe.