Tulivyompeleka Kimani Mbali na Gakuru

Sababu ya safari hii ilikuwa Gakuru. Wacha niandike jina lake mapema, maana kwetu Gatitu, Nyeri, watu wanalitaja wakiangalia nyuma. Gakuru ndiye alileta ile pombe ya sumu na pikapu yake. Ngunjiri ndiye alituuzia kwa baa yake. Watu wetu walikufa, wengine vitandani, wengine njiani wakipelekwa hospitali. Mimi Muriuki, fundi wa mawe, nilipona nikabaki na jicho moja. Rafiki yangu Kimani alipoteza yote mawili.

Sasa kesi iko. Kati yetu tuliobaki, aliyemwona Gakuru akishusha mtungi wa hiyo pombe ni Kimani peke yake, kwa sababu ndiye alimshikia mlango. Lakini Gakuru ni mtoto wa mama mdogo wa Kimani. Kila Jumapili anampelekea sukari na maziwa, anakaa karibu naye, anamshika mkono. Watu wa mashtaka wakimuuliza Kimani, anajibu, "Mimi ni kipofu. Sikuona kitu."

Nilimgombeza mpaka nikachoka. Ndipo dada yangu Nyambura, anayeuza kabeji sokoni, akaniambia, "Wewe unampigia kelele, Gakuru anampelekea sukari. Unafikiri atamsikiza nani? Niko na gari. Twende naye baharini. Hakuna hata mmoja wetu ameiona bahari."

Gatitu, alfajiri. Nyambura alijaza gari yake ya Probox kabeji na gunia la waru, viazi vya kwetu, ati hatuwezi kufika kwa watu mikono mitupu. Kimani akatoka kwake amevaa sweta, koti zito na kofia ya sufu.

"Baba Wahu, tunaenda Pwani, si mlimani," Nyambura akamwambia.

"Joto halijawahi kunizoea. Endesha gari."

Kutoka Karatina mpaka Makutano hatukuwa na haraka, maana Nyambura hapiti kabeji za mtu mwingine bila kusimama. Anashuka, anaifinya moja, anarudi akitikisa kichwa. "Hizo ni majani tu. Hazina moyo."

Barabara ya Mombasa. Emali Kimani akavua koti. Mtito Andei akavua sweta. Kofia aliishikilia kwa ubishi mpaka Voi, ambako tulilala, na asubuhi tukamkuta nje ya lojing'i amekaa na fulana tu, anasikiliza kunguru. "Hapa hata ndege wanapiga kelele kwa sababu ya joto," akasema. Hayo ndiyo maneno marefu zaidi aliyokuwa ametoa tangu tuondoke Karatina.

Mtwapa, jioni. Nilipoona baa zimepangana vile, nikamkumbuka Ngunjiri, nikamlaani kwa Kikuyu kwa sauti kubwa. Askari wa lango la baa moja akaniitikia kwa Kikuyu, "Mtu wetu, umekosewa na nani?" Kumbe ni wa Othaya! Nyambura akampa kabeji. Aliipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa mtoto.

Watamu, mchana wa kesho yake. Nilidhani bahari itakuwa kama bwawa, ila kubwa. Sivyo. Ilikuwa ya buluu, halafu kijani, halafu nyeupe pale inapovunjika, na kwa jicho langu moja sikuweza kuimaliza. Nyambura alikunja sketi akasimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, akakataa kuendelea. Kimani hakuuliza. Alifuata sauti ya mawimbi moja kwa moja, mimi nikimfuata nikiwa nimeshika fulana yake kwa nyuma. Wimbi likatupiga tukaanguka wote wawili. Alipoinuka alitema maji, akalamba midomo.

"Muriuki! Nani alipika hii? Ametia chumvi yote!"

Halafu akacheka. Nilikuwa nimesahau huyu mtu hucheka akishika tumbo. Tulikaa majini mpaka vidole vikakunjamana, na Nyambura kule ufukweni akituita wazee wajinga.

Mambrui tulilala kwa mama mmoja anayekodisha vyumba. Alipokea waru zetu, akatupikia samaki wa nazi, mzima na kichwa chake. Sisi kwetu samaki si chakula tulichokulia. Nyambura akamgusa Kimani mkono, akamwambia ni nini iko kwenye sahani.

"Kichwa kiko?"

"Kiko."

"Kinaniangalia?"

"Kinakuangalia sana."

"Basi kigeuze kwa Muriuki. Kati yangu na samaki, si haki mmoja tu ndiye anaona."

Hata mama mwenye nyumba alilazimika kuweka bakuli chini kwa kicheko. Kimani alimaliza samaki, akafyonza miiba, akaomba mwingine.

Takaungu, siku ya kurudi. Nyambura aliona bango la madafu akakata kona. Kumbe ilikuwa mangwe, mahali wanapouza pombe ya mnazi. Harufu iliponifikia, nikageuka. "Turudi kwa gari," nikasema. Kimani akasema, "Niko na kiu. Tukae."

Mwenye mangwe alikuwa Mama Kadzo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. "Mwatoka wapi, wageni wangu?" Kabla hatujajibu alishamimina mnazi kwenye bilauri. Akapiga funda moja yeye mwenyewe, ndipo akamwekea Kimani mkononi.

Kimani alisikia lile funda. "Mama, mbona unakunywa ya mgeni?"

Wateja wakacheka. Mama Kadzo hakucheka. "Ndiyo ada yetu, babangu. Mwenye kukupa huonja kwanza. Nisipoonja, wewe utajuaje sikukutilia kitu?"

"Na akikataa kuonja?"

"Basi wamwaga, wenda zako."

Kimani hakunywa. Sisi wawili hatunywi tena. Alikaa na ile bilauri mkononi, kisha akasema polepole, akinigeukia.

"Muriuki, ile usiku Ngunjiri alimwambia Gakuru aonje. Nilikuwa pale mlangoni. Gakuru akasema hawezi, ako na gari ya kuendesha. Nikaona ni maneno ya maana."

"Na Ngunjiri?"

"Ngunjiri pia hakuonja. Alinichotea mimi."

Mimi, ambaye nimepiga kelele kuhusu hao watu wawili mpaka nikafukuzwa kwa mikutano, hayo sikuwa nimewahi kuyasikia. Nyambura alijifuta uso na leso. Kimani akarudisha bilauri, akanyoosha shingo.

"Mama, sasa nipe dafu. Na hilo usionje, nalitaka lote."

Mama Kadzo akampa mawili, na Nyambura akamletea kabeji mbili za mwisho.

Nyeri, Ijumaa mchana. Baridi ilitupokea Sagana, na tulikuwa tumeimba njia nzima mpaka sauti zikakauka. Nyambura alipotaka kukata kona ya Gatitu, Kimani akamshika bega. "Usinipeleke nyumbani. Jumapili inakuja, na Gakuru atakuja. Nipeleke kwanza kwa ofisi ya mashtaka."

Tuliingia tukiwa na mchanga viatuni. Kijana wa mashtaka akafungua faili. "Mzee, mara ya kwanza ulisema hukuona kitu."

"Nilidanganya. Usiku huo nilikuwa na macho yote mawili. Andika."

Watu wataniuliza Pwani nilijifunza nini. Ni hivi. Mimi nilitaja majina ya Gakuru na Ngunjiri kila siku, kwa hasira, mpaka watu wa Gatitu wakaacha kunisikia. Kimani aliyataja mara moja, bila kupandisha sauti, mlango ukiwa wazi, na wajane wa wale waliokufa, waliokuwa wamekaa kwenye benchi la nje wakifuatilia kesi, wakasimama wamsikilize.